Suke Lililofungwa Kitambaa

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya Nyamuswa, Dafroza alikuwa ameshafika shambani na debe lake bovu. Alipanda kichanja cha miti kilichojengwa katikati ya mtama, akakaa, akaanza kazi ya kuamia ndege: kupiga debe, kupiga kelele, kurusha mawe kwa kombeo. Kwelea si ndege wa kuchezewa hata kidogo. Wakitua kundi zima kwenye mtama na wewe umegeuka kupiga miayo, ukirudisha macho unakuta makapi. Kwa hiyo Dafroza alijizuia kupiga miayo, ingawa usingizi alikuwa nao, na njaa alikuwa nayo zaidi.

Shamba lilikuwa la shule. Wanafunzi wa darasa la saba walipeana zamu, na mwisho wa wiki kila aliyeamia alipewa bakuli la unga wa yanga, yaani unga wa yale mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Miaka ya shibe watu waliubeza unga ule. Walisema unanuka, walisema ugali wake ni wa kuku. Lakini hii ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na hakuna aliyebaki na mdomo wa kubeza. Msimu uliotangulia mvua ilikata mapema, mtama ukakauka ukiwa umebeba masuke matupu. Kule Bunda mjini sabuni na sukari zilikuwa zimeanza kuonekana tena madukani baada ya kuadimika miaka mingi, na watu waliambiana kwamba sasa biashara imefunguliwa. Imefunguliwa kwa nani? Sukari ilirudi, ila pesa ya kuinunua haikurudi nayo. Nyumbani kwa akina Dafroza walikula mara moja kwa siku, na hiyo mara moja yenyewe ilikuwa ya kubahatisha.

Mtama wa shamba lile haukuwa wa kawaida. Uliletwa na Bwana Felisian, mtaalamu wa mbegu kutoka kituo cha utafiti, mtu mrefu mwembamba aliyevaa kandambili kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimekwisha soli. Mwanzoni mwa msimu alisimama mbele ya darasa akiwa ameshika mfuko mdogo wa punje.

"Mbegu zilizozaa punje hizi zilipigwa mionzi," alisema. "Mmesikia habari za hospitali ya Musoma, mtu akivunjika mguu anapigwa picha mfupa unaonekana? Ile ni mionzi. Hii yetu ni kali zaidi."

"Sasa Bwana, tukila si tutawaka tumboni kama taa?" aliuliza mvulana mmoja aliyeitwa Masatu, na darasa zima likaangua kicheko.

Bwana Felisian naye alicheka. "Hutawaka. Mionzi hupita, haikai ndani ya mbegu. Lakini ikipita inavuruga. Ndani ya kila mbegu kuna maagizo: uwe mrefu kiasi gani, uive lini, uzae punje za rangi gani. Mionzi inayagusa maagizo hayo na kuyabadili hovyo hovyo, haichagui. Mbegu nyingi zinaharibika. Nyingine hazioti kabisa, nyingine zinatoa miche myeupe kama karatasi, inakufa. Lakini kati ya nyingi hizo, huenda moja ikabadilika kwa faida yetu. Mimi natafuta shina moja tu. Shina litakaloiva kabla mvua haijakata."

"Moja katika shamba lote?" Mwalimu Pelagia, mwalimu wao wa darasa, alishangaa.

"Moja katika maelfu, Mwalimu. Nikilipata, punje zake nitazipanda, na watoto wake, na wajukuu wake, mpaka kila nyumba huku ipate mbegu. Nitaliwekea kibao chenye namba. Mkiona kibao, msiguse."

Tangu siku ile watoto waliuita mtama wa radi, kwa vile mbegu yake ilipigwa. Mvua zilinyesha, mtama ukaota kwa vituko: mingine mifupi kama imekalia magoti, mingine majani yamejikunja, mingine mirefu isiyo na mpango. Dafroza aliutazama kila siku kutoka kichanjani na kujiuliza ni upi huo mmoja.

Masatu ndiye aliyepokezana naye zamu mara nyingi. Alikuwa amehamia Nyamuswa na mama yake kutoka Guta, kule ziwani, baada ya baba yake kufariki. Kwa sababu hiyo, hata baada ya kukaa kijijini miaka kadhaa, watu walimwita mtoto wa ziwani. Alikuwa na utani mwingi, na akili ya hesabu ambayo Mwalimu Pelagia aliitegemea sana kwa mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Sasa sikilizeni kilichotokea siku ambayo Dafroza hakuwepo.

Alasiri moja Bwana Felisian alishuka kwenye lori la pamba, maana gari la kituo lilikuwa halina mafuta kwa muda mrefu. Alimkuta Masatu kwenye zamu. Wakapita pamoja mstari kwa mstari, na mahali fulani karibu na kichanja yule mtu mzima akasimama ghafla akashika kiuno. Wakati masuke ya mtama mwingine yalikuwa bado ya kijani, punje zikiwa maji matupu, shina moja fupi lilikuwa na suke ambalo punje zake zilikuwa zimejaa zimeanza kuwa nyekundu.

"Ni hili," alisema kwa sauti ya chini.

Kibao hakuwa nacho. Kituoni kwao hapakuwa na vibao, wala rangi, wala karatasi ya kuandikia. Alitoa leso yake mfukoni, akachana kipande, akakifunga kwenye shingo ya suke lile. "Lichunge kama mboni ya jicho lako," alimwambia Masatu. "Likikomaa kabisa nitakuja kulikata mwenyewe. Mwambie na mwenzako." Kisha akaliwahi lori likiwa linarudi, kwa sababu Mwalimu Pelagia siku hiyo alikuwa mkutanoni Bunda na hapakuwa na mwingine wa kuagana naye.

Masatu angemwambia Dafroza. Lakini siku hiyo hiyo malaria ilimwangusha, akawa hajui hata aliko. Asubuhi yake Dafroza akaitwa kushika zamu zote mbili.

Kwanza niwaambie jambo moja kuhusu nyumba yao Dafroza, la sivyo mtamhukumu bure. Kwao, mtama unapoanza kuiva, hakuna anayethubutu kula hata punje mpaka Bibi aonje. Mama yake, Jenoveva, hupita shambani akatafuta suke la kwanza kuwa jekundu, akalifunga kitambaa, kila mtu ajue: hili ni la Bibi. Anayelikuta limeiva hulikata na kumpelekea. Bibi hulibanika juu ya makaa, huonja, hugawa punje chache kwa kila mtu, na baada ya hapo ndipo mavuno yamefunguliwa. Tangu alipokuwa mdogo, Dafroza alijua kitambaa kwenye suke kina maana hiyo moja tu.

Basi alipoteremka kichanjani kwenda kuokota mawe ya kombeo, akaliona suke jekundu limefungwa kitambaa cheupe, moyo wake uliruka. Kibao chenye namba hakikuwepo. Kilikuwepo kitambaa.

"Kumbe na Bwana Felisian kwao wanafungaga!" alijisemea.

Alilizunguka shina lile. Aliwaza kwamba shamba si la kwao. Akawaza tena kwamba Bibi ndiye mkubwa kuliko wote upande ule wa kijiji, na amelala kitandani wiki nzima hana nguvu ya kuinua kikombe. Ukweli ni kwamba moyo ulijua kidogo kwamba ilimpasa aulize kwanza, ila tumbo halikutaka kujua. Njaa, jamani, ina maneno matamu. Alitoa kisu kidogo cha kukatia kamba za kombeo, akalikata suke, akalifunika kwenye kanga.

Bibi alipoliona aliinuka akakaa. Hilo peke yake lilimtoa Jenoveva machozi, maana tangu Jumapili mama mkwe wake alikuwa hajakaa.

"Limetoka wapi? Mtama wetu si bado kijani?" aliuliza Bibi.

"Ni la shamba la shule, Bibi. Nimelikuta limefungwa kitambaa."

"Aa! Kumbe huyo bwana wa utafiti ana adabu. Amekumbuka kuna wazee."

Akalipitisha juu ya makaa, akalipukuchua kwa viganja vyake vilivyokakamaa, akaonja. Akafumba macho. Kisha akampa kila mtu punje zake: Jenoveva, Dafroza, na mdogo wake aliyelamba hadi vidole. Ilikuwa ni chakula kidogo mno, lakini nyumba ile ilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Dafroza alijiona mtu mzima.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Masatu alipopona. Alikuja shambani macho yamemtoka, miguu bado dhaifu, na hata salamu hakutoa.

"Dafroza, lile suke liko wapi? Lile lililofungwa kitambaa!"

"Suke gani?"

"Usinitanie bwana! Bwana Felisian amelifunga mwenyewe. Ndilo lile moja analotafuta! Hana vibao, amechana leso yake."

Pale pale, hatua chache kutoka walipokuwa, shina lilikuwa bado limesimama, limekatwa shingo, majani yake bado mabichi. Neno la kusema alikuwa nalo. Lilikuwa neno jepesi: ni mimi, sikujua. Masatu angemfokea, Mwalimu angemchapa, Bwana Felisian angekasirika. Basi.

"Mimi sikuona suke lolote lenye kitambaa," alisema.

Masatu, kichwa bado kizito kwa malaria, alipodhani amekosea mstari akaenda kulitafuta upande wa pili wa shamba, Dafroza alipiga magoti kwenye lile shina, akalishika kwa mikono miwili, akaling'oa na mizizi yake. Chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, aliona vichomozo vidogo vya kijani, vyembamba kama ncha za sindano. Hakuvijali. Alikimbia mpaka korongoni akalitupa kwenye mawe, akarudi akafukia shimo kwa mguu. Hapo akaona amepona.

Bwana Felisian alifika siku mbili baadaye, akifuatana na Mwalimu Pelagia. Alikuja na mfuko mpya wa kitambaa alioshonewa na mkewe, wa kutilia suke moja. Alikwenda moja kwa moja karibu na kichanja, akatazama, akarudi nyuma, akatazama tena. Kisha akaanza kwenda mbio mstari hadi mstari kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Liko wapi?" aliuliza.

Masatu alikuwa ameinamisha kichwa. "Sijui, Bwana. Niliumwa. Niliporudi halikuwepo."

"Na wewe, Dafroza?" aliuliza Mwalimu Pelagia.

Dafroza alikuwa amejiandaa. "Mimi niliposhika zamu sikuliona, Mwalimu. Aliyekuwa zamu kabla yangu ni Masatu."

Hakusema kwamba Masatu ameiba. Hakuwa na haja. Mwalimu Pelagia alimgeukia yule mvulana kwa hasira. "Ni wewe peke yako uliyeambiwa thamani yake. Ni wewe peke yako uliyejua. Umelila!"

"Hapana, Mwalimu! Haki ya Mungu!"

"Nyamaza!"

Bwana Felisian hakumfokea mtu. Alikaa chini, juu ya udongo, kandambili zake zimetangulia mbele, akaukunja ule mfuko mdogo mara nyingi mpaka ukatoshea kiganjani. "Huu ndio ulikuwa msimu wa mwisho," alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Fedha za utafiti zimekatwa. Walisema kama nina kitu cha kuonyesha mwaka huu, nikionyeshe. Nilikuwa nacho." Dafroza alisikia kila neno.

Masatu alichapwa mbele ya shule. Aliondolewa kwenye zamu, na bakuli lake la unga likakoma. Habari zikatoka shuleni zikafika kisimani, kisimani zikafika sokoni, na sokoni zikaongezewa chumvi: mara alikula masuke kumi, mara mama yake alikuwa anauza mbegu za serikali Musoma. Watoto walimtungia wimbo wa kumwita mla mbegu. Mwisho wa wiki mama yake alimfungia nguo zake kwenye kanga kuukuu akampeleka Guta kwa mjomba wake, akavue dagaa. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia, na dawati la Masatu likabaki wazi.

Jirani mmoja ndiye aliyeleta habari hizo nyumbani kwa akina Dafroza, jioni, akiwa ameegemea mlango. "Mtoto wa ziwani bwana! Suke limefungwa kabisa kitambaa, limechungwa, yeye analikata analila. Sasa yule bwana wa mbegu, aliyebaki wiki nzima akitafuta shina jingine, anaondoka kesho, ana huzuni huyo!"

Bibi alikuwa amekaa nje anapata jua la mwisho. Alingoja mpaka jirani alipoondoka. Kisha akamwita Dafroza, akamwambia akae karibu, karibu kabisa.

"Kitambaa kilikuwa cha rangi gani?"

Dafroza alianza kulia kabla hajajibu. Alieleza yote: kitambaa, kisu, Masatu, shina alilong'oa. Jenoveva alitoka ndani akashika mdomo. Alitaka kumchapa, Bibi akamzuia kwa mkono.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, sauti yake imekauka, "unafikiri naonjaga kwa sababu ya utamu? Mimi naonja ili watu wote wale. Nikionja, kila mtu ananyoosha mkono. Safari hii nimeonja mimi, na watu wote wamefungiwa. Umenilisha mavuno ya watoto ambao hawajazaliwa, nami nikakushukuru!" Akatema mate pembeni, si kwa dharau, bali kama mtu anayetaka kutoa kitu mdomoni na hakitoki. "Hilo ulilolikata ulidanganywa na kitambaa. Lakini kumsingizia mtoto wa mwenzio, nani alikudanganya? Kesho asubuhi, kabla yule bwana hajapanda gari."

Asubuhi Jenoveva alimshika Dafroza mkono, wakamkuta Bwana Felisian nyumbani kwa Mwalimu Pelagia, anakunywa uji, mfuko wake wa safari uko mlangoni. Dafroza alipiga magoti akaamkia, kisha akasema yote pale pale, bila kupumzika, akiogopa akinyamaza hataweza kuendelea.

Mwalimu Pelagia aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika, na si kwa hasira. "Nimemchapa mtoto wa watu," alisema.

Lakini Bwana Felisian alikuwa ameshasimama. Macho yake yalikuwa yamewaka ghafla, na Dafroza hakuelewa kwa nini.

"Ulikata suke tu? Shina uliliacha?"

"Nililing'oa, Bwana."

"Lini? Siku hiyo hiyo?"

"Hapana. Siku Masatu alipopona."

"Kwa hiyo lilikaa siku kadhaa ardhini baada ya kukatwa. Lilikuwa limechipua chini? Uliona vichipukizi?"

"Niliona vitu vidogo vya kijani."

"Nipeleke!"

Walikwenda nusu wakikimbia mpaka korongoni. Shina lilikuwepo, pale pale juu ya mawe. Jua lilikuwa limelifanya kuni. Bwana Felisian aliliokota, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mizizi. Vile vichomozo vilikuwepo pia, vimekauka, vya rangi ya udongo; alipovigusa vilianguka kama vumbi.

"Sikiliza, Dafroza," alisema. "Sitakuficha, ili na wewe usifiche tena. Mtama ukikatwa suke haufi. Unachipua chini, unatoa masuke mengine, na maagizo yake ni yale yale. Ungemwambia Masatu siku ile alipokuuliza, shina likiwa bado limesimama, tungelimwagilia maji na leo lingekuwa na majani. Suke ulilikata kwa kutojua. Hilo nimekusamehe, hata mimi nina kosa langu, nilifunga kitambaa badala ya kuweka kibao na sikumtafuta Mwalimu. Lakini shina hukuling'oa kwa kutojua. Uliling'oa ili usijulikane."

"Je, hakuna jingine shambani, Bwana?" aliuliza Mwalimu Pelagia.

"Nimepita mistari yote mara tatu. Yapo yatakayoiva siku chache mapema kuliko kawaida, nitayachukua. Lakini kama lile, hakuna."

"Mwakani?"

Alitikisa kichwa tu. Walimsindikiza mpaka barabarani. Lilipokuja lori alipanda juu ya marobota ya pamba, na hakutazama nyuma.

Jumamosi, Dafroza alibeba bakuli lake la unga wa yanga mpaka kwa mama yake Masatu. Mwalimu Pelagia alikwenda naye, maana alisema na yeye ana lake la kusema. Yule mama aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakuwakaribisha kiti. Alilipokea bakuli, akaumimina unga wote, akalirudisha tupu.

"Unga nimepokea kwa sababu nina njaa, sitawadanganya," alisema. "Mwalimu, na wewe nimekusikia. Mwanangu nitamfuata Guta. Lakini maneno yenu yameingia kila nyumba hapa kijijini. Nendeni mkayatoe."

Niwaambie mapema msije mkakaa na wasiwasi: Masatu alirudi, na aliwahi mtihani. Alikaa dawati la mbele, mgongo wake umemgeukia Dafroza, na ilichukua muda mrefu sana kabla hajamtania tena. Lakini kabla hajarudi, Dafroza alikuwa na kazi.

Alianza nyumba ya kwanza karibu na kisima. "Shikamoo, mama. Suke la utafiti nililikata mimi. Masatu hakuhusika. Mimi ndiye niliyesema uongo." Yule mama alimtazama kutoka juu mpaka chini, akasonya, akarudi kwenye moto wake. Nyumba ya pili walimcheka. Nyumba ya tatu mzee mmoja alimshukuru kwa kusema kweli, na Dafroza akadhani njia itakuwa nyepesi. Wapi! Kwingine walimfukuza, kwingine watoto wenzake walisimama kwenye ua wakimwimbia ule ule wimbo, sasa wameweka jina lake. Na kila mlango Mwalimu Pelagia naye alisema: "Na mimi nilimchapa bila kumsikiliza."

Alasiri walifika dukani kwa Mzee Magige. Alikuwa anapima sukari, ile sukari iliyorudi, kidogo kidogo kwenye vipande vya gazeti. Dafroza aliamkia, akasema maneno yake ambayo sasa yalikuwa yanatoka yamechoka.

Mzee Magige alitabasamu bila kuinua macho kwenye mizani. "Wewe mtoto una huruma tu. Unamtetea mwenzio. Yule wa ziwani si tunamjua?"

"Ni mimi, mzee. Kweli ni mimi."

"Sawa, sawa. Nimesikia."

Lakini hakusikia. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba kesho, mtu akija kununua sukari, atamsimulia habari za mtoto wa ziwani aliyekula mbegu. Dafroza alitoka nje, akaegemea ukuta wa duka, akalia kwa uchungu kuliko siku zote.

"Mwalimu, haamini! Nimwambieje ili aamini?"

Mwalimu Pelagia alikaa kwenye benchi, akavua kiatu akakung'uta mchanga. Naye alikuwa amechoka.

"Kuna ambao hawataamini, mwanangu, hata ukirudi hapa kila siku," alisema. "Uongo uliusema mara moja, na wote wakauamini. Ukweli utausema mpaka sauti ikauke. Ndiyo sababu tunawaambia semeni mapema, siku ile ile, shina likiwa bado limesimama. Hatuwaambii hivyo kwa sababu tunapenda kuwachapa." Alivaa kiatu chake, akasimama. "Futa uso. Ule upande wa machinjioni bado hatujafika."

Dafroza alifuta uso kwa kanga. Walivuka barabara, wakapita ua wa minyaa, na kwenye mlango uliofuata akasimama, akavuta pumzi, akapiga hodi.